Kinjeketile alikosea wapi? Kumpima mhusika kwa nadharia za maadili

Swali: Habari Mwalimu. Nasoma Kiswahili na Falsafa, mwaka wa tatu, hapa Nairobi. Tulipewa kazi ya kuchanganua maadili ya mhusika mmoja wa tamthilia kwa kutumia nadharia za maadili, nami nikamchagua Kinjeketile wa Ebrahim Hussein. Niliandika aya nne. Nadharia ya matokeo inasema alikosea kwa sababu watu wengi walikufa. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, anasema alikosea kwa sababu alidanganya. Aristotle anasema alikuwa jasiri, kwa hiyo ni mwema. Falsafa ya utu inamsifu kwa kuwaunganisha watu. Nikahitimisha kwamba uadilifu wake unategemea nadharia unayotumia. Mhadhiri akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kwa hiyo?" Sielewi nilichokosa. Tena, ni halali kweli kumpima mtu wa Umatumbi, kusini mwa Tanzania, kwa vipimo vya Wazungu?

Jibu: Ulichokosa ni hukumu. Wala si kwa uvivu. Umeikosa kwa sababu ulizipa nadharia kazi isiyo yake. Umezitumia kama mihuri ya ofisini: kila moja imegongwa juu ya jina la Kinjeketile, hii ikasema mbaya, ile ikasema mwema, kisha faili likafungwa. Ukihesabu mihuri unapata mbili kwa mbili, na hapo kweli hakuna la kusema ila "inategemea". Nadharia ya maadili ina faida pale inapokuuliza swali ambalo huwezi kulijibu bila kurudi kwenye kitabu. Ikikupa jibu ukiwa umekifunga kitabu, hujaitumia bado.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaisoma tamthilia yenyewe, niieleze kwa ufupi. Ilichapishwa mwaka 1969, na inachota kwenye Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakati watu wa kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania walipoinuka dhidi ya Mjerumani aliyewatoza kodi na kuwalimisha pamba kwa nguvu. Watu wanateseka, tena wamegawanyika kwa makabila. Kinjeketile anapagawa na pepo Hongo, anaingia mtoni, na anapotoka ana maji ya kuwakinga watu na risasi, pamoja na agizo la kuungana. Anatamka pia kwamba Mjerumani akishaondoka watakuwa wana wa Seyyid Said, yaani Sultani wa Unguja. Akili inapomrudia anaielewa maana ya maneno yale: kutoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine. Anaingiwa na shaka, anataka watu wangoje. Hawangoji. Wanashambulia, na bunduki zinawamaliza. Mwisho yuko kifungoni, anatakiwa na ofisa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa.

Sasa acha kumpima Kinjeketile mzima mzima, pima tendo. Hapa kuna matendo matatu, na kila moja limefanywa na mtu aliyejua jambo tofauti. La kwanza ni kuwapa watu maji na tamko. La pili ni kuwa na shaka na kuizungumza na Kitunda, kiongozi mwenzake, huku umati ukibaki na imani yake. La tatu ni kukataa kule gerezani. Aya zako zimeyachanganya yote. Unaposema "alidanganya", unazungumzia lipi? Mtu anayesema jambo huku akiliamini hajadanganya, hata kama jambo lenyewe si kweli. Alipotoka mtoni aliamini. Kwa hiyo shtaka lako la Kant halisimami katika tendo la kwanza, na hilo tendo silo litakalokuhangaisha sana. Lipite haraka.

Kabla sijaenda kwenye la pili, nirudi kwenye aya yako ya matokeo, maana "watu wengi walikufa" ni sentensi isiyobeba uzito unaoutaka ibebe. Ni kweli walikufa, tena kwa idadi ya kutisha: Wajerumani wenyewe walikadiria watu wapatao 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamefika hadi 250,000 na zaidi. Lakini wengi wa hao waliuawa na njaa, kwa sababu jeshi la Kijerumani lilichoma mashamba na maghala makusudi ili watu wasalimu amri. Mtetezi wa nadharia ya matokeo, awe Jeremy Bentham au John Stuart Mill, hakuruhusu uhesabu maiti upande mmoja tu. Anakudai ulinganishe na njia nyingine iliyokuwepo. Wasingepigana, ingekuwaje? Tamthilia inakuonyesha: wanaume wanalimishwa pamba huku nyumbani hakuna chakula, na askari wanakuja kumchukua Chausiku, binti wa Kitunda, mbele ya mama yake. Hayo nayo ni matokeo, matokeo ya kutulia. Kisha jiulize: wangeshinda, aya yako ingesemaje? Kama ingegeuka na kumsifu, basi ulikuwa unaipima bahati yake. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilichambua tatizo hilo mwaka 1976, namna tunavyomlaumu au kumsifu mtu kwa mambo yaliyokuwa nje ya uwezo wake. Usiliepuke, litaje ndani ya insha.

Tendo la pili ndilo moyo wa kazi yako, na ndilo ambalo hukuliandikia hata sentensi moja.

Mtazame Kinjeketile katikati ya tamthilia. Nje watu wanafanya mazoezi, wana hamu ya vita. Ndani kuna mtu anayejua kwamba tamko alilolitoa lina kitu kibaya ndani yake. Anazungumza na Kitunda, na hoja ya Kitunda ya kunyamaza inajulikana: shaka ikitoka nje, umoja utavunjika, na bila umoja watabaki kuchapwa kama zamani. Ni hoja nzito. Plato aliitumia karne nyingi kabla, katika maelezo yake ya dola bora, aliporuhusu viongozi wawasimulie raia hadithi isiyo ya kweli ili wajione ndugu. Kwa hiyo usimfanye Kitunda aonekane mjanja wa bei rahisi. Ana hoja ambayo wanafalsafa wakubwa wameitetea.

Hapa mlete Kant, lakini Kant wa mwaka 1785, yule anayesema usimtumie binadamu kama chombo tu. Anakuuliza hivi: mtu anayekwenda kuweka kifua chake mbele ya bunduki, ana haki ya kujua nini? Kinjeketile aliwaambia wangoje. Hakuwaambia kwa nini. Alitoa amri akabaki na sababu. Amri isiyo na sababu inamfanya msikilizaji kuwa mtoto, na mtoto huchoka kungoja. Ndivyo ilivyotokea: walichoka, wakaenda. Rudi kwenye maonyesho yale ukasome tena walivyokuwa wakiulizana wanangoja nini. Kila swali lao ni swali ambalo mtu mmoja alikuwa na jibu lake na hakulitoa.

Mill naye atakusaidia hapa kuliko ulivyomtumia. Katika andiko lake la 1861 anasema kuaminiana kwa maneno ndiko kunakoshikilia ustawi wa jamii, na kwamba hata hivyo kuna nyakati za kuficha jambo. Anatoa mifano miwili: kumficha mhalifu habari anayoitaka, na kumficha mgonjwa mahututi habari mbaya. Nakuomba uiandike mifano hiyo miwili juu ya karatasi yako, maana kila mmoja una onyesho lake. Wapiganaji wa Kinjeketile hawakuwa wagonjwa mahututi. Walikuwa watu wazima, wana nguvu, na uamuzi ulikuwa bado mikononi mwao. Kuwaficha habari hakukuwaepusha na maumivu. Kuliwanyang'anya nafasi ya kuchagua. Wahenga wetu walishaonya kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Hukumu yangu, basi, ni kwamba kosa la Kinjeketile liko hapa, katika ukimya wa katikati. Maji hayakuwa kosa, na gerezani nitakuja.

Na Aristotle? Umeandika alikuwa jasiri kwa hiyo ni mwema. Ujasiri kwa Aristotle ni kati ya woga na kujitosa kipofu, na una masharti: mbele ya jambo lipi, kwa sababu gani, wakati gani. Ukimsoma hivyo, unaona jambo la kushangaza katika mhusika huyu. Anaweza kuusimamia mti wa kunyongea, na hakuweza kuusimamia umati uliompenda. Kifo mbele ya adui kilimpata akiwa tayari. Aibu mbele ya watu wake hakuwa tayari nayo. Binafsi naona huu ndio ugunduzi mkubwa ambao nadharia ya tabia njema inautoa katika tamthilia hii, na umaliziaji wako wa "kwa hiyo ni mwema" umeupita mbio.

Swali lako la vipimo vya Wazungu nalijibu hapahapa kwa sababu linahusu tendo hilihili. Ukitaka kuwaacha Wajerumani na Waingereza wote nje, unaweza, na hukumu haitabadilika sana. Mwaka huohuo wa 1969 John Mbiti, mtoto wa Kitui, alichapisha kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, na humo akaeleza kwamba mtu yupo kwa sababu wenzake wapo. Wewe umelichukua wazo hilo upande wa umoja tu. Lisome hadi mwisho wake. Kama mimi nipo kwa sababu ninyi mpo, basi shaka yangu ni yenu pia. Kuificha ni kujitoa katika hiyo "sisi" huku nikiendelea kuwaongoza kwa jina lake. Kwa hiyo utu haumsifu Kinjeketile moja kwa moja. Unamsifu asubuhi na kumdai jioni.

Tena unaishi Nairobi, na mjini hapahapa Henry Odera Oruka alifundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka mingi, akiwatafuta wazee mashambani na kuandika mazungumzo nao. Alitofautisha wazee wa aina mbili. Kuna mzee anayejua vizuri mila na misemo ya jamii yake na kuieleza, basi. Na kuna mzee anayeijua vilevile, kisha anaihoji, hata kuipinga hadharani akiona haina haki. Oruka alitaka kuonyesha kwamba kuhoji hakukuja na meli. Mweke Kinjeketile hapo. Anapotoka mtoni ni sauti ya jamii na pepo wake. Anapoingiwa na shaka anavuka na kuwa mzee wa aina ya pili, lakini anavuka chumbani. Kwa mizani ya Oruka, fikra ilizaliwa ikafichwa. Mizani hiyo ni ya Nairobi, na inamgusa Kinjeketile pale pale Kant alipomgusa. Nadharia mbili zilizotoka mbali zikikutana mahali pamoja, hiyo ni sababu ya kuamini kwamba mahali hapo pana kitu.

Sasa gerezani. Unasema Kant angemhukumu. Watu wengi hufikiri hivyo kwa sababu wanaikumbuka insha yake ya 1797, ile ya muuaji aliyefika mlangoni kuuliza rafiki yako yuko wapi, na Kant akashikilia kwamba hata huyo usimwambie uongo. Lakini soma vizuri: Kant anamzungumzia mtu asiyeweza kukwepa kujibu ndiyo au la. Kinjeketile anaweza kukwepa. Gharama yake ni shingo, lakini njia ipo. Kukataa kutamka sentensi si sawa na kutamka sentensi ya uongo. Na Mill, kwa mfano wake wa kwanza, yuko upande wake waziwazi: anayedai habari ni mhalifu.

Lipo jambo jingine kubwa zaidi, na nililiona kwa macho darasani. Huwa nawapa wanafunzi wawili onyesho hili walisome kwa sauti, mmoja ofisa, mmoja Kinjeketile. Safari moja kijana aliyekuwa ofisa alichoka kukataliwa, akaiweka nakala mezani na kusema kwa maneno yake mwenyewe: "Haya, yaache maji. Sema tu vita vilikuwa makosa." Msichana aliyekuwa Kinjeketile alimjibu papo hapo: "Si ndiyo hiyo ulikuwa unataka tangu mwanzo?" Darasa likaanza kubishana, na mabishano hayo yalikuwa na falsafa nyingi kuliko mihadhara yangu yote ya wiki ile. Walichokigusa wale wawili ni hiki: sentensi "maji ni uongo" huenda ni kweli, lakini katika kinywa hicho, mbele ya mtu huyo, kazi yake ni kubeba sentensi nyingine, kwamba babu zenu walikosea kuukataa utumwa. Hiyo ya pili ndiyo uongo. Kinjeketile analiona hilo. Ndiyo maana sababu anayoitoa inahusu watoto watakaokuja kuambiwa kwamba wazee wao walikosea. Alikuwa anakataa ukweli mdogo usitumike kuingiza uongo mkubwa. Mwaka 1956 Julius Nyerere, akizungumza katika Umoja wa Mataifa, alivitaja vita vya Maji Maji kama ushahidi kwamba watu hawakuwahi kuukubali utawala wa kigeni. Usimpe Kinjeketile wa jukwaani sifa kwa hilo kama kwamba alilijua. Ila linaonyesha kwamba kumbukumbu aliyoilinda si kitu cha kufikirika. Watu huiishi na kuitumia.

Lakini usikimbilie kumtukuza. Kuna pingamizi ambalo insha nzuri lazima ilibebe. Kuna watu huko nje ambao bado wanayaamini maji. Kiongozi akikataa kuyakana, huenda wakaendelea kuvamia bunduki wakiwa na imani hiyo. Katika historia vita viliendelea hadi 1907. Je, kukataa kwake hakuwauzi hao? Nimekaa na swali hili miaka mingi, na jibu langu ni kwamba mbele ya ofisa alifanya sawa, na kwa wale waliobaki porini alikuwa na deni ambalo hakuweza tena kulilipa. Neno lolote ambalo angelitoa pale lingewafikia kupitia mdomo wa Mjerumani. Njia safi ya kuwaambia ilikuwepo kipindi cha katikati, naye aliifunga mwenyewe. Unaona sasa kwa nini nimeng'ang'ania tendo la pili? Ugumu wa mwisho umetengenezwa na ukimya ule.

Jambo moja la kitaalamu ambalo wahadhiri huliangalia sana. Kinjikitile Ngwale wa historia, mganga wa Ngarambe, alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, na shambulio kubwa la boma la Mahenge lilikuja mwisho wa mwezi huo. Mwandishi wa tamthilia amemwacha mhusika wake aishi hadi baada ya kushindwa. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyenyongwa mapema hajawahi kuulizwa swali la mwisho. Hussein amemtengenezea jaribu ambalo historia haikumpa. Kwa hiyo unapoandika, usichanganye hao wawili. Idadi ya vifo ni ya historia. Shaka, ukimya na gereza ni vya jukwaa. Unapoleta takwimu kumhukumu mhusika, sema wazi kwamba unatoka nje ya kitabu na kwa nini unatoka. Na ukisema "alijua", onyesha alijulia wapi: ni onyesho gani, ni maneno gani.

Nikukabidhi aya moja uone inavyoweza kusikika. "Kinjeketile anapowataka wapiganaji wangoje bila kuwaambia sababu, anawakinga na shaka yake lakini anawaacha wazi mbele ya risasi. Kitunda anahofia umoja utavunjika, na hofu yake ina msingi. Hata hivyo umoja huo unasimama juu ya jambo ambalo wanaoungana hawalijui, na ndiyo maana unamponyoka kiongozi wake pale anapouhitaji umsikilize." Humo hakuna jina la mwanafalsafa hata mmoja. Kant yumo, Mbiti yumo, Mill yumo, lakini wamo kama maswali yaliyokwisha kufanya kazi. Majina utayataja katika aya inayofuata, kueleza hoja zako zimetoka wapi na wapi zinapingana.

Ukirudi kuandika, zitupe aya zote nne. Anza na onyesho la shaka, ulipe kurasa nyingi kuliko kitu kingine chochote. Tendo la kwanza lipe nusu ukurasa. Gereza lifuate, pamoja na pingamizi la watu wa porini, na pingamizi hilo uliandike kwa nguvu zote kana kwamba unataka likushinde. Huenda likakushinda kweli, ukaona alipaswa kuyakana maji pale pale mbele ya ofisa. Ukifika huko kwa hoja, andika hivyo bila kuniogopa mimi wala mhadhiri wako. Halafu niletee insha, nami nitakujibu kwa upande wa pili.